Kwa nini 'although' na 'but' huwatatiza wanafunzi wa Garissa

MWANAFUNZI wa Garissa anapoandika kwa Kiingereza "Although he was sick, but he came to school", mwalimu hupiga mstari mwekundu chini ya neno "but" na kumpunguzia alama. Mara nyingi maelezo huishia hapo, na juma linalofuata kosa hilo hilo hurudi daftarini.

Kosa hilo halitokani na uvivu wala uzito wa akili. Chanzo chake ni lugha ambazo mtoto wa Kaskazini Mashariki huwa anazo kabla ya kuanza kufundishwa kwa Kiingereza. Lugha hizo hizo ndizo zinazoweza kutumiwa kulirekebisha.

Katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, ambazo hadi 2013 zilikuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki, wakazi wengi huzungumza Kisomali. Aidha, watoto wengi hupelekwa dugsi kusoma Kurani wakiwa wangali wadogo, na huko huzoea sauti na herufi za Kiarabu. Shuleni huongezewa Kiswahili na Kiingereza.

Neno "lakini" haliwi geni kwa mtoto kama huyo. Kisomali husema "laakiin" na Kiarabu "lakin", na Kiarabu ndicho kilichozipa lugha hizo nyingine mbili neno hilo. Ndiyo maana "but" huwa halimpi mwanafunzi taabu linapotumika peke yake.

Taabu huanza na "although". Kisomali kina "inkasta oo", lenye maana ya "ingawa". Sentensi inayoanza kwa neno hilo aghalabu huwekewa "haddana", yaani "hata hivyo", katika sehemu yake ya pili. Kiarabu nacho kina mtindo wa kuonyesha kinyume mara mbili katika sentensi moja.

Kiswahili cha mazungumzo hakijaachwa nyuma. Wengi husema "Ingawa alikuwa mgonjwa, lakini alikuja shuleni", japo walimu wa sarufi hupendelea "lakini" iachwe. Hata Wachina wanaojifunza Kiingereza hukosea vivyo hivyo, kwa kuwa katika lugha yao "ingawa" na "lakini" hutembea pamoja.

Kiingereza sanifu hukataa jozi hiyo kwa sababu ya muundo wa sentensi. Neno "but" huunganisha vishazi viwili vyenye hadhi sawa. Neno "although" hukifanya kishazi chake kuwa tegemezi, kikihitaji kishazi huru cha kukiegemea. Maneno hayo mawili yakitumiwa pamoja, kishazi huru hakipo tena. Kwa hivyo mwandishi hana budi kuchagua moja.

Maneno ya kuonyesha kinyume katika Kiingereza yanaweza kugawanywa katika makundi manne, na kila kundi lina muundo wake. Mfano unaofahamika Garissa ni Mto Tana, ambao huweza kufurika hata mji ukiwa mkavu, kwa sababu ya mvua zinazonyesha nyanda za juu.

Kundi la kwanza ni la "but": "It was dry in Garissa, but the Tana flooded." Neno hukaa katikati ya vishazi viwili.

Kundi la pili ni la "although", "though" na "even though": "Although it was dry in Garissa, the Tana flooded." Kishazi cha "although" kikitangulia, koma ndiyo inayokitenga na kile cha pili, "but" haihitajiki.

Kundi la tatu ni la "despite" na "in spite of". Haya hayafuatwi na kishazi kamili bali nomino, au kitenzi kinachoishia kwa "-ing": "Despite the dry weather in Garissa, the Tana flooded." Wanafunzi wengi huandika "despite of" wakiiga "in spite of", na hilo ni kosa.

Kundi la nne ni la "however" na "nevertheless". Maneno haya hayaunganishi vishazi kama "but". Husimama mwanzoni mwa sentensi mpya, baada ya nukta, na hufuatwa na koma: "It was dry in Garissa. However, the Tana flooded."

Yapo pia maneno yanayofanana kwa sura ilhali maana zake ni tofauti. "Even though" hutaja jambo la hakika, nayo "even if" hutaja jambo lisilo na uhakika. Katika Kiswahili cha kila siku, "hata kama" hutumiwa kwa maana zote mbili, na hapo ndipo mtego ulipo.

Mwanafunzi anayeomba basari akiandika "Even though my father has no job, I have stayed in school", kamati huelewa kwamba baba hana kazi. Akiandika "Even if my father has no job, I will stay in school", huonekana kana kwamba ukosefu huo wa kazi ni jambo la kukisiwa tu. Neno moja huweza kudhoofisha ombi la kweli.

Katika mtihani wa KCSE wa Kiingereza, zoezi la kujaza mapengo lina alama 10 na sehemu ya sarufi alama 15, na viunganishi hutahiniwa humo. Isitoshe, tangu ripoti ya Tume ya Gachathi ya 1976, sera imekuwa kwamba Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia kuanzia darasa la nne. Asiyeelewa "however" katika kitabu cha sayansi hukosa sayansi yenyewe.

Eneo hili limekuwa na uhaba wa walimu wa kuyaeleza hayo. Mnamo Novemba 2014, watu 28, wakiwemo walimu, waliuawa baada ya basi lao kutekwa karibu na mji wa Mandera, na walimu wengi wasio wenyeji wakakataa kurejea. Januari 2020, walimu watatu waliuawa Kamuthe, Kaunti ya Garissa, na tume ya walimu, TSC, ikawahamisha wengine wengi.

Hata hivyo, mwalimu mwenyeji ana nyenzo ambayo mgeni hakuwa nayo: anakijua Kisomali. Anaweza kumwambia mwanafunzi aseme sentensi kwa lugha ya nyumbani, ahesabu maneno yanayoonyesha kinyume, kisha aiandike kwa Kiingereza akibakiza moja tu. Njia hiyo inafaa pia katika shule za kambi za wakimbizi za Dadaab, zinazofuata mtaala wa Kenya.

Mwanafunzi asiye na mwalimu karibu naye anaweza kujikagua kwa maswali mawili kila anapomaliza sentensi. Je, kuna neno zaidi ya moja linaloonyesha kinyume kile kile? Je, linalofuata neno hilo ni kishazi kamili au nomino? Akiyajibu hayo kabla ya kukabidhi karatasi, makosa mengi atakuwa ameyaona kabla ya mtahini.