Je, Wajua? Kilicholegea Chini ya Gari Lililonyanyuliwa

Je, wajua kwamba nati iliyolegea mara nyingi si ugonjwa wenyewe? Bolti hushika kwa kubana. Ukiikaza, chuma chake huvutika kidogo mno, na kule kutaka kurudi kilivyokuwa ndiko kunakovibana vyuma viwili visisogee. Mbano ukipotea, mzigo wote unaangukia shina la bolti na ukingo wa tundu, navyo havikuwekwa kwa kazi hiyo. Tundu linalika upande mmoja. Ukishafika hapo, fundi akaze kwa nguvu zake zote, kelele itatulia siku chache halafu itarudi. Dawa ni kubadili kishikio, au kuchomelea juu yake washa nene yenye tundu la kipimo kamili, kisha kuweka bolti mpya.

Je, wajua kwamba bushi ya mpira inaweza kuharibiwa na fundi anayekaza vizuri kabisa? Bushi nyingi zina bomba la chuma katikati, na mpira umegandishwa juu ya bomba hilo. Haizunguki. Hujinyonga kidogo ekseli inapopanda na kushuka, kisha hujinyongoa. Sasa ukikaza bolti yake gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia, bomba linabanwa katika hali hiyo. Gari likishuka chini, mpira unajinyonga kabla halijatembea hata mita moja, na utabaki hivyo usiku na mchana mpaka uchanike. Kwa hiyo bolti ya bushi ya mpira hukazwa mwisho kabisa, magurudumu yakiwa ardhini na uzito wa gari ukiwa juu yake.

Hapa ndipo wanunuzi wengi wa gari lililotumika wanapoumia. Aliyelinyanyua alibadili springi na shokapu, akaacha bolti za mikono ya ekseli zilivyo, na tangu siku ile bushi zimekaa zimenyongwa. Kama mpira bado mzima, matengenezo hayadai kipuri chochote: legeza bolti hizo gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, litikise ili likae, kaza upya kwa kipimo cha kitabu cha gari hilo.

Je, wajua kwamba fito ya Panhard ina jina la kampuni ya magari ya Ufaransa? Ni ile fito ndefu inayokatiza chini ya gari, ncha moja kwenye chesisi na nyingine kwenye ekseli, kuizuia ekseli isiende kushoto wala kulia. Gari lenye springi za koili likinyanyuliwa, fito hiyo inainama zaidi na kuivuta ekseli kuelekea upande ilikofungwa kwenye chesisi. Simama nyuma ya gari uangalie: tairi moja limechomoza nje kuliko jingine. Fito inayorefushwa kwa kuzungusha hurudisha ekseli katikati.

Kuipima iwapo imelegea kunahitaji watu wawili. Injini inaunguruma, gia haimo, breki ya mkono imevutwa, magurudumu yako chini. Mmoja anazungusha usukani kidogo kulia na kushoto, harakaharaka. Mwingine amelala pembeni, kiganja amekiweka kwenye ncha ya fito, nusu juu ya fito na nusu juu ya kishikio. Mkono utahisi mdundo ambao jicho halioni. Ncha zote za Panhard hupimwa hivyo, halafu tairodi, halafu boksi la usukani pale lilipofungwa kwenye chesisi. Jaribio hili halipatikani gari likiwa kwenye jeki, kwa sababu bila uzito hakuna kinachosukumana.

Je, wajua kwamba si kila gari linaloyumba lina kitu kilicholegea? Land Cruiser 80, iliyoingia sokoni mwaka 1990, ina ekseli nzima mbele iliyoshikwa na mikono miwili. Mwili ukiinuka, mikono inaizungusha ekseli, na ule mlalo wa kingipini unaoufanya usukani ujirudi wenyewe baada ya kona unapungua. Dereva anapigana na usukani barabara nzima, gereji inabadili tairodi nzima mbili, na tatizo liko palepale. Kinachotakiwa ni bushi maalumu zenye tundu lililohamishwa pembeni, au vishikio vya kurudisha pembe yake.

Gari hilohilo lina nati 4 chini ya kila kifundo cha gurudumu la mbele, zinazoshika mkono wa usukani. Matairi makubwa yakipigwa na mawe, nati hizo hulegea, na bolti zake zikikatika usukani hauna tena mamlaka juu ya gurudumu. Vumbi jekundu la kutu kuzunguka nati, au mstari wa chuma kinachong'aa, ni ushahidi tosha. Nisingeliendesha gari hilo hata hadi gereji ya mtaa wa pili.

Je, wajua namna ya kujua kama ni beringi au kingipini? Inua gurudumu, lishike juu na chini, litikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki. Mchezo ukiisha, ni beringi ya gurudumu. Ukibaki, ni kingipini.

Je, wajua kwamba Land Cruiser 70 nzito zilikuwa na springi za bamba mbele na nyuma kuanzia 1984 mpaka 1999, mbele zilipowekewa koili? Kwenye springi za bamba, senta bolti inaelekeza ekseli ikae mahali pake tu. Kazi ya kuishika ni ya yubolti. Springi mpya ndefu zikifungwa, rangi nene iliyoachwa kati ya vyuma inasagika, yubolti inapoteza mbano, na kila unapokanyaga breki senta bolti peke yake ndiyo inayopokea kishindo. Ikikatika, ekseli inarudi nyuma upande mmoja na gari linatembea kiubavu. Barabara ya vumbi kutoka Ngorongoro kwenda Seronera, yenye mikunjo kama bati, haihitaji muda mrefu kulifichua kosa hilo. Kabla ya kununua, pima kwa futi ya fundi kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma, upande huu na ule. Vipimo vikitofautiana, kaa chini na muuzaji. Yubolti zilizofunguliwa hazirudishwi, na mpya hukazwa tena baada ya kilomita mia chache.

Je, wajua maana ya 8.8 kwenye kichwa cha bolti? Inastahimili kuvutwa kwa niutoni 800 kwa kila milimita ya mraba kabla ya kukatika, na hupoteza umbo lake ikifika asilimia 80 ya nguvu hiyo. Bolti ya 4.8 ya kufungia mageti ina nusu ya uwezo huo, na haifai kabisa chini ya gari.

Nati yenye pete ya nailoni hutumika mara moja. Spiliti pini nayo haitumiki mara mbili, na tundu lake lisipolingana, nati inakazwa mbele kidogo, hairudishwi nyuma.

Je, wajua kwamba shokapu ya usukani huficha ugonjwa? Usukani ukitetemeka vibaya baada ya kugonga shimo, kuweka shokapu mpya kunautuliza mtetemo huku kilicholegea kikiendelea kulika. Ukikupata barabarani, shika usukani, ondoa mguu kwenye mafuta, acha mwendo upungue taratibu.

Je, wajua kwamba Toyota nyingi za mizigo na za porini zina vali ya breki inayosoma umbali kati ya ekseli ya nyuma na chesisi? Gari likinyanyuliwa, vali inadhani halina mzigo na kupunguza breki za nyuma. Kishikio chake kiinuliwe kwa kadiri gari lilivyoinuka. Na paipu za breki: ekseli ikining'inia kabisa, zisikazike.

Je, wajua kwamba rangi ya mafuta ni kifaa cha gereji? Nati ikishakazwa kwa spana ya torki, chora mstari kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma kinachobanwa. Mstari ukiachana, nati imezunguka. Anza na yubolti, nenda kwenye Panhard, malizia na zile 4 za kila kifundo.