Mtoto asiyepumua hawezi kungoja

Ndugu zetu mliohama makwenu, nanyi viongozi wa kambi za Masisi na Walikale, mara nyingi watu hutuuliza: wauguzi hujifunza nini katika mafunzo ya kuokoa watoto?

Kwanza, kupanga foleni upya. Mtoto mwenye degedege, anayehema kwa shida au asiyeamka hatangojeshwa nyuma ya waliotangulia. Mkiona aliyefika mwisho akiingizwa wa kwanza, si upendeleo wa kabila. Tunalisema wazi, maana dhana ya namna hiyo imewahi kuzaa ugomvi.

Pili, pumzi. Mtoto mchanga asiyelia hukaushwa, hufunikwa na kusuguliwa mgongo. Bado hapumui? Kabla dakika 1 haijaisha, muuguzi humpulizia hewa kwa mfuko na barakoa, mara 40 hadi 60 kwa dakika. Hakuhitajiwi umeme. Kumning'iniza miguu juu na kumpiga makofi humwumiza tu.

Lakini ufundi huo haufai kitu mama akizuiliwa njiani usiku. Mapigano yalifika Masisi mjini Januari 2025, na Walikale Machi mwaka huo. Mikataba ya Geneva ya 1949 inalinda wagonjwa na wauguzi wa pande zote. Viongozi, pamoja na muuguzi mkuu wa kituo, ombeni mapema wagonjwa wapitishwe vizuizini usiku, na chagueni vijana wa kubeba kipoyi.

Wazazi, mtoto asiponyonya, akitapika kila kitu au akilegea, ondokeni saa hiyo hiyo.