Asiye na mshahara naye hudaiwa ada ya bima ya afya

WATU wengi wasio na kazi ya mshahara hudhani kwamba makato ya bima ya afya ni mzigo wa walioajiriwa pekee. Nchini Kenya dhana hiyo haina mashiko. Tangu Oktoba 1, 2024, Hazina ya Bima ya Afya ya Jamii (SHIF) ilipochukua nafasi ya iliyokuwa NHIF, kila familia inatakiwa kuchangia, awe anayeitunza ni karani wa benki, mchuuzi wa mboga, mkulima au kijana aliyemaliza chuo na angali anatafuta kazi.

Hazina hiyo iliundwa kwa Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023, na inasimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA). Tofauti kati ya mwenye mshahara na asiye nao imo katika namna mchango unavyokadiriwa na jinsi unavyolipwa.

Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kila mwezi, kabla fedha hazijamfikia mkononi. Asiye na mshahara hana cha kukatwa, kwa hivyo mamlaka hulazimika kukadiria mapato ya familia yake. Anapojisajili, huulizwa maswali kuhusu nyumba anamoishi, mahali anapopata maji, aina ya choo, mali aliyo nayo na idadi ya watu anaoishi nao. Majibu hayo huingizwa katika kompyuta, nayo hutoa kima anachopaswa kulipa.

Ada hiyo nayo ni asilimia 2.75, ila si ya fedha zilizohesabiwa bali ya mapato yaliyokisiwa. Familia inayokadiriwa kupata Sh20,000 kwa mwezi itadaiwa Sh550, yaani Sh6,600 kwa mwaka. Inayokadiriwa kupata Sh40,000 itadaiwa Sh13,200 kwa mwaka. Hakuna anayeruhusiwa kulipa chini ya Sh300 kwa mwezi, ambazo ni sawa na Sh3,600 kwa mwaka.

Kiwango hicho cha chini kinastahili kutazamwa kwa makini. Asilimia 2.75 hufikia Sh300 pale tu mapato yanapokaribia Sh10,900 kwa mwezi. Familia inayopata Sh5,000 ikitozwa Sh300, kwa hakika inatoa asilimia sita ya mapato yake, zaidi ya maradufu ya kile anachotoa mwenye mshahara mnono. Kwa maneno mengine, kadiri mtu anavyozidi kuwa maskini chini ya kiwango hicho, ndivyo ada inavyozidi kumlemea.

Hata hivyo, si kila asiyeajiriwa amepata hasara. Chini ya NHIF, waliojilipia walitozwa Sh500 kila mwezi bila kujali uwezo wao. Anayetozwa Sh300 leo amepunguziwa mzigo kwa Sh2,400 kwa mwaka. Anayeumia ni yule ambaye nyumba yake ina sura ya uwezo ilhali mfuko wake ni mtupu: mjane anayeishi katika nyumba ya mawe aliyoachiwa na marehemu mumewe, au mzee aliyejenga vizuri enzi za kazi yake na sasa hana kipato.

Jambo la pili linalotatiza ni wakati wa kulipa. Mwajiriwa hulipa kidogo kidogo kila mwezi. Asiye na mshahara hutakiwa kulipa ada ya mwaka mzima kwa mkupuo, kabla ya kuanza kunufaika na huduma za hazina hii. Sababu yake inaeleweka. Bima hutegemea wenye afya wachangie ili wagonjwa watibiwe. Watu wakiruhusiwa kulipa mwezi wanaougua na kuacha mwezi wanaopona, hazina itakauka. Lakini anayeishi kwa vibarua hupata fedha za siku, na Sh3,600 kwa pamoja si rahisi kwake kuziweka kando.

Ili kupunguza ugumu huo, mwaka 2025 serikali ilizindua mpango wa Lipa SHA Pole Pole, ambao humwezesha mwananchi kukopeshwa ada ya mwaka na kuirejesha kwa awamu. Haba na haba hujaza kibaba, lakini msomaji akumbuke kwamba huo ni mkopo, na mkopo ni deni. Kwa upande wa mafukara, sheria inaitaka serikali iwalipie, na mnamo Oktoba 2025 ilitangazwa kwamba watu wapatao milioni 2.2 wangefadhiliwa.

Je, mke au mume anayeshinda nyumbani akilea watoto anadaiwa ada yake binafsi? La. Mchango ni wa familia. Mwenzi wake akikatwa mshahara, yeye na watoto wanaowategemea huhudumiwa kwa mchango huo, mradi wawe wameandikishwa kama wategemezi. Wengi hugundua langoni mwa hospitali kwamba majina yao hayamo. Mtoto aliyekuwa mtu mzima na asiyehesabiwa tena kuwa tegemezi hana budi kujisajili mwenyewe, hata kama angali analala kwa wazazi wake na hajapata kazi.

Anayepaswa kuwa macho zaidi ni aliyeachishwa kazi. Makato yake hukoma pamoja na mshahara, na kinga ya familia nzima hukoma nayo. Ili kuirejesha, hana budi kupimwa uwezo kama wengine wasio na ajira na kulipa ada ya mwaka, wakati ule ule ambapo mfuko umeanza kutoboka. Ni busara kutenga sehemu ya malipo ya mwisho kwa ajili hiyo kabla hayajamalizwa na kodi ya nyumba na karo.

Asiyeweza kulipa hajafungiwa milango yote. Huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya hugharamiwa na hazina nyingine inayotegemea fedha za serikali, na anachohitaji mgonjwa ni kuwa amesajiliwa. Kulazwa, kujifungua kwa upasuaji na matibabu mengine katika hospitali kubwa ndiko kunakohitaji ada iwe imelipwa.

Zipo nchi zilizofuata njia nyingine. Ghana hugharamia sehemu kubwa ya bima yake kwa tozo ya asilimia 2.5 inayotozwa bidhaa na huduma, hivyo asiye na mshahara huchangia kila anaponunua kitu. Njia hiyo nayo humgusa maskini, ila haimdai fedha za mwaka kwa siku moja wala haihitaji kumkagua paa na choo.

Kwa sasa, mwananchi ajisajili kwa kupiga *147# au katika kituo cha Huduma, ajibu maswali kwa ukweli, na ahakikishe wategemezi wote wameorodheshwa. Akiona kima alichopewa kinazidi uwezo wake, asinyamaze wala asiache kulipa kimyakimya. Apeleke lalama kwa mamlaka mapema, kwani ugonjwa haumsubiri mtu amalize kulalamika.