Mdondo: Chanjo ipo, mbona kuku wanakwisha?

KILA mwaka mvua zinapokatika na upepo wa kiangazi kuanza kuvuma, katika vijiji vingi vya Kanda ya Kati na Kanda ya Ziwa huonekana jambo lile lile. Wanunuzi wanafika na baiskeli zenye matenga, na jogoo ambaye mwezi uliopita mwenyewe alikataa kumtoa hata kwa bei nzuri, leo anauzwa kwa bei ya kutupa. Mama mwenye nyumba anajua sababu, na mnunuzi naye anajua. Ugonjwa umeshaingia kitongoji cha jirani, na ni afadhali kupata chochote kuliko kufukia.

Ugonjwa wenyewe ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Wataalamu huuita Newcastle, kutokana na mji wa Uingereza ulikotambuliwa mwaka 1926. Kuku anazubaa, mabawa yanashuka, anahema kwa shida, anaharisha kinyesi cha kijani na shingo inapinda. Hauna tiba. Katika kundi ambalo halijachanjwa unaweza kuua kuku wanane au tisa kati ya kila kumi, na wakati mwingine banda zima linabaki tupu ndani ya wiki moja.

Kinachoshangaza ni kwamba chanjo yake ipo, tena inatengenezwa hapa hapa nchini, na gharama ya kumchanja kuku mmoja ni ndogo kuliko bei ya yai lake. Hata hivyo, kaya nyingi za vijijini hazichanji, au zinachanja mara moja na kuacha. Mwandishi wa makala haya amekulia katika nyumba ya namna hiyo, na anaamini kuwa kiini cha tatizo hakipo katika dawa. Kipo katika namna chanjo inavyomfikia mfugaji mwenye kuku kumi na wawili.

Kwanza tuitazame chanjo yenyewe. Inaitwa I-2. Mbegu yake ilitengenezwa katika Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, chini ya Profesa Peter Spradbrow, ikatolewa bure kwa nchi zinazoendelea zilizotaka kuizalisha zenyewe. Tanzania ilianza kuizalisha katika maabara ya mifugo ya Temeke, Dar es Salaam, ndiyo maana wafugaji wengi wanaijua kwa jina la TEMEVAC. Siku hizi chanjo za mifugo za Wakala ya Maabara ya Veterinari (TVLA) zinazalishwa Kibaha, mkoani Pwani.

Sifa kubwa ya I-2 ni kuvumilia joto. Chanjo za zamani, kama LaSota, zinaharibika haraka zikikosa baridi, na ni vijiji vingapi vina friji ya kuaminika? I-2 inaweza kusafirishwa kwa siku kadhaa ikiwa imefungwa kwa kitambaa kibichi na kukingwa na jua, mradi mchukuzi asiiache juu ya dashibodi ya basi. Inatolewa kwa tone moja tu katika jicho moja. Kifaranga na jogoo mkubwa wanapata tone lile lile. Jambo hili huwapa wafugaji mashaka, maana wamezoea kuwa mkubwa hupewa dawa nyingi, lakini kwenye chanjo ya matone hakuna kukadiria uzito.

Kinga haiji siku hiyo hiyo. Inachukua kati ya siku saba na kumi na nne, na baada ya miezi minne hivi inahitaji kurudiwa. Hapo ndipo mambo mengi yanapoharibikia.

Nikumbuke kisa cha shangazi yangu. Alikuwa na kuku wapatao thelathini, na ada na sare za watoto wake zilitoka humo. Mwaka mmoja, baada ya kuku wa majirani kuanza kufa, alikwenda mjini akanunua chanjo, akaja kuwachanja jioni ile ile. Siku ya nne walianza kuanguka mmoja mmoja, na hadi mwisho wa wiki walibaki watatu. Kijiji kizima kikapata jibu: chanjo imewaua. Hakuna aliyemweleza kuwa kuku wale walikuwa wameshaambukizwa kabla tone halijawagusa, na kwamba chanjo hutolewa kabla ya ugonjwa kufika. Ilichukua miaka kabla mtu yeyote wa mtaa ule kukubali kushika tena chupa ya chanjo.

Visa vya aina hii vipo kila mahali, na haviondolewi na bango lililobandikwa ofisi ya kata. Kuna na kisa ndugu yake: mfugaji anachanja mdondo kwa wakati, kisha kuku wanakufa kwa homa ya matumbo, ndui au kipindupindu cha kuku, naye anasema chanjo haifai. Alipouziwa aliambiwa kuwa ni 'chanjo ya kuku', akaelewa kuwa ni ya magonjwa yote.

Sasa tuje kwenye hesabu. Tuchukue chupa ya dozi 200. Ikishachanganywa inatakiwa itumike mapema, siku hiyo hiyo, wala haiwekwi hadi wiki ijayo. Mama mwenye kuku 12 akiinunua peke yake, atatumia matone 12 na kumwaga 188. Kwake yeye chanjo hiyo si rahisi hata kidogo, amelipia kuku 188 wasiokuwapo. Ili chupa iishe vizuri zinahitajika kaya kama 17 za aina yake, siku moja, saa zile zile. Mfugaji wa mjini mwenye kuku 1,000 wa kisasa halijui tatizo hili, kwani chupa zinatosheana na banda lake. Kwa hiyo kumwambia mfugaji wa kijijini 'nenda kanunue chanjo' ni kumpa ushauri wa mtu mwingine.

Ndiyo sababu mahali ambapo chanjo ya mdondo imeshika mizizi, haikushika kwa kaya moja moja. Msumbiji, Malawi na Tanzania ziliingia katika mradi wa pamoja wa kudhibiti mdondo kati ya mwaka 2002 na 2005, uliogharamiwa na Australia, na utaratibu uliotumika ndio ambao miradi mingi iliyofuata imeuendeleza, ikiwamo ya wilayani Manyoni, Singida. Kijiji kinachagua wachanjaji wake, wanafundishwa kuchanganya, kudondosha na kuandika kumbukumbu, kisha wanapita nyumba kwa nyumba katika miezi inayojulikana. Kwa Tanzania ratiba iliyozoeleka ni Januari, Mei na Septemba. Mfugaji analipa kidogo kwa kila kuku, na sehemu ya fedha hiyo inabaki kwa mchanjaji.

Miradi hiyo iligundua mapema kuwa wachanjaji wanawake wana nafasi ya pekee. Kuku wa kienyeji katika nyumba nyingi ni mali ya mama. Ng'ombe anauzwa kwa kikao cha ukoo, lakini jogoo anauzwa asubuhi ili mtoto apelekwe hospitali. Pamoja na hayo, taarifa za mifugo hutangazwa kwenye mkutano wa kijiji ambako wazungumzaji ni wanaume, na mama ndiye anayesikia mwisho. Mchanjaji mwanamke anaingia hadi jikoni walikolala kuku bila kuzua maneno, na anazungumza na mwenye mali.

Saa ya kazi nayo ni jambo la kupanga. Kuku wa kienyeji akishafunguliwa asubuhi, kumkamata ni mbio za watoto wa shule. Mchanjaji mzuri anatangaza siku tatu kabla, kupitia kwa mwenyekiti wa kitongoji, msikitini, kanisani na shuleni, kwamba kuku wasifunguliwe hadi atakapopita. Anaanza alfajiri. Anayefika saa nne amepoteza nusu ya kijiji, na virusi vinahitaji nyumba chache tu zilizorukwa ili viendelee kuzunguka.

Ukitaka kuona tofauti, angalia chanjo za watoto wetu. Tangu Mpango wa Taifa wa Chanjo ulipoanza mwaka 1975, mama amezoea kadi, siku ya kliniki na nesi anayemjua. Hakuna anayemwambia anunue chupa nzima ya chanjo ya surua na kutafuta watoto wa kuimaliza. Kuku hana kadi, na kwa muda mrefu serikali ilimwachia mwenyewe atafute dawa dukani.

Upande wa serikali, hatua kubwa ilichukuliwa Juni 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua mjini Bariadi, mkoani Simiyu, kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo. Chini ya mpango huo chanjo ya ng'ombe ilipewa ruzuku ya nusu ya bei, na ya kuku ikapangwa kutolewa bila malipo. Kwa mama mwenye kuku 12, hesabu ya dozi 188 za kumwaga inakuwa imeondoka kichwani mwake.

Lakini msomaji anayefuga anajua kuwa chanjo ya bure haitembei yenyewe. Kuna mtu wa kuamka saa kumi na moja, kutia mafuta pikipiki, kushika kuku mia na hamsini na kurudi nyumbani akinuka. Kama dawa ni bure na yeye hapati chochote, Januari atakuja, Mei atachelewa, Septemba atakuwa shambani kwake. Kwa maoni ya mwandishi huyu, ingekuwa afadhali kijiji kiachwe kimlipe mchanjaji senti chache kwa kila kuku, hata chanjo yenyewe ikiwa ya ruzuku kamili, kuliko kutegemea moyo wa kujitolea. Mfugaji akishazoea bure, siku ruzuku ikikatika nani atamshawishi kulipa?

Yapo yanayoweza kuwekwa kwenye mizani ya faida. Mama mwenye mitetea mitano, kila mmoja akiangua vifaranga 10 mara tatu kwa mwaka, anapata vifaranga 150. Tuseme mwewe, kicheche na baridi vinachukua nusu, wanabaki 75. Mdondo ukipita humo bila chanjo, wanaweza kubaki saba au kumi, na mwaka unaofuata anaanza upya kwa kuazima mtetea. Katika kaunti ya Siaya, magharibi mwa Kenya, watafiti walilinganisha kaya zilizochanjiwa kuku na zile ambazo hazikuchanjiwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kuwa watoto wa kaya zilizochanjiwa walikula zaidi vyakula vitokanavyo na wanyama, na ukuaji wao uliimarika. Hivyo tone la kwenye jicho la kuku limefika hadi kwenye mizani ya kliniki.

Kwa anayetaka kuanza, mwezi wa kulengwa ni ule unaotangulia upepo wa kiangazi. Ongea na afisa mifugo wa kata ujue chupa zitafika lini, kisha hesabuni kuku wa kitongoji kabla ya kuagiza, siyo baada. Wasioumwa tu ndio wachanjwe. Kuku mgeni kutoka gulioni atengwe wiki mbili kabla ya kuchanganywa na wenzake, hata kama aliyemuuza ameapa kwamba kwao hakuna ugonjwa. Na usiku wa kuamkia siku ya chanjo, mlango wa banda ubaki umefungwa hadi mchanjaji atakapobisha hodi.