Ngalawa ya jioni Zanzibar: kwenda rahisi, kurudi ndiyo kazi

Mnapanga na washkaji kupanda ngalawa Mji Mkongwe kuangalia jua likizama? Jueni jambo moja: upepo unaowapeleka ndio huohuo utakaowakwamisha kurudi.

Mji Mkongwe uko magharibi mwa Unguja. Msimu wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, upepo mara nyingi hutoka kusini-mashariki, yaani nchi kavu kuelekea baharini. Mkifuata machweo, unawasukuma mgongoni. Chombo kinateleza, hata ukali wake hamuusikii.

Kurudi ni habari nyingine. Hakuna tanga linaloweza kwenda moja kwa moja kule upepo unakotoka. Nahodha analazimika kupiga bisho: anakata upande huu, anageuza, anakata upande ule. Njia ya nusu saa inaweza kula saa nzima au zaidi.

Na giza halisubiri. Jua likishazama saa 12 na kitu, ndani ya nusu saa ni usiku.

Kabla ya kupanda:

- Ulizeni mtageuza saa ngapi. Bora kabla jua halijagusa maji, mlitazame mkiwa njiani kurudi.
- Kila mtu avae jaketi la kuokolea, hata anayejua kuogelea.
- Taa iwepo. Simu ijazwe chaji na ifungwe isiingie maji.
- Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa mbali. Ulizeni mtashukia wapi.

Nahodha akisema leo hatutoki, msimbembeleze. Kesho jua litazama tena.