Kibakwe na Barabara Zinazosubiri: Kwa Nini Lalamiko la Masika Huchelewa Kufika kwa Greda

Katika vijiji vya Kibakwe, kusini mwa Wilaya ya Mpwapwa mkoani Dodoma, malalamiko kuhusu barabara mbovu huelekezwa kwanza kwa halmashauri, kwa kuwa diwani na mtendaji wa kata ndio viongozi ambao mwananchi huwaona na huweza kuwauliza ana kwa ana. Hata hivyo, tangu mwaka 2017 halmashauri za wilaya nchini Tanzania si wasimamizi tena wa matengenezo ya barabara, na kwa sababu hiyo lalamiko linaweza kupokelewa, kuandikwa katika muhtasari na hata kuungwa mkono na kikao kizima, lakini greda lisionekane mpaka masika mengine yaingie.

Kabla ya mwaka huo, barabara za wilaya zilitengenezwa na halmashauri kupitia idara zake za ujenzi. Julai 2017 kazi hiyo ilihamishiwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, yaani TARURA, uliowekwa chini ya Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI). Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inazigawa barabara za wilaya katika madaraja matatu: za mkusanyo, zinazounganisha makao makuu ya wilaya na maeneo makubwa ya utawala, za mlisho, zinazoviunganisha vijiji na barabara nyingine, na za jamii, zilizo ndani ya kijiji au zinazounganisha kijiji na kijiji. Barabara kuu na za mkoa zilikwisha kuwekwa chini ya Wakala wa Barabara Tanzania (TANROADS) tangu mwaka 2000. Hivyo mkazi wa Kibakwe anayekwenda Mpwapwa mjini kupitia Gulwe hupita katika barabara ya mkoa, ambayo msimamizi wake ni TANROADS, lakini akiiacha barabara hiyo na kushika njia ya kijijini kwake, huwa ameingia katika eneo la TARURA, ingawa hakuna kibao kinachomjulisha kwamba mwenye dhamana amebadilika.

Mabadiliko ya 2017 yalikuwa na hoja nzito, kwani wahandisi walikuwa wachache na wametawanyika, na chombo kimoja cha kitaalamu kingeweza kuwapanga vizuri zaidi. Lakini yaliacha pengo ambalo halijazibwa: diwani aliyechaguliwa na wananchi anaendelea kuulizwa kuhusu barabara asiyoweza kuiamuru, ilhali meneja wa wakala katika wilaya, aliye na wahandisi na fedha, anawajibika kwa wakubwa wake wa juu na hapigiwi kura na mtu yeyote. Manung'uniko ya madiwani na wabunge juu ya jambo hili yana haki, kwa maana utaalamu usioweza kuhojiwa na wanaoutegemea hupungukiwa na kitu cha msingi.

Fedha nazo zina mgawanyo wake. Mfuko wa Barabara, unaotokana hasa na tozo ya mafuta ya petroli na dizeli, kwa muda mrefu umegawanywa kwa kiwango cha asilimia 70 kwa TANROADS na asilimia 30 kwa barabara za wilaya, ingawa TARURA inahudumia mtandao wa zaidi ya kilomita 100,000 na TANROADS takriban kilomita 36,000. Katika bajeti ya 2021/22 Serikali iliongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini, hatua iliyosaidia, lakini sehemu kubwa ya mtandao huo bado ni ya udongo na changarawe.

Barabara ya udongo huharibiwa zaidi na maji kuliko magari. Ikichongwa vizuri huwa na mgongo, yaani katikati yake huinuliwa ili maji yateremke pande zote mbili hadi kwenye mitaro, na kutoka huko yapite chini ya barabara kwa kalvati. Mkoa wa Dodoma una msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, na mvua zake, ingawa si nyingi kwa jumla, hushuka kwa vishindo juu ya ardhi iliyokauka kwa miezi mingi. Mdomo wa kalvati ukizibwa na mchanga na matawi, maji hupanda juu ya barabara, huifuata michirizi ya matairi kwa kuwa mgongo umekwisha kulika, na baada ya mvua chache mchirizi huwa korongo ambalo bodaboda hulikwepa kwa shida na Fuso lililobeba vitunguu vya Lumuma haliwezi kulivuka. Nguvu ya maji katika ukanda huu si jambo la kubahatisha: mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliiharibu Reli ya Kati kati ya Kilosa na Gulwe. Kuzibua kalvati Novemba ni kazi ya watu wachache wenye makoleo. Kujenga upya sehemu iliyokatika ni kazi ya mkandarasi, zabuni na mamilioni ya shilingi.

Kalenda ndiyo inayoumiza zaidi. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1, lakini mipango na makadirio huandaliwa miezi mingi kabla, na Bunge hukaa kuyajadili kuanzia Aprili. Mwananchi hulalamika Machi au Aprili, barabara inapokatika, wakati makadirio ya mwaka unaofuata yamekwisha kufungwa. Isipokuwa tukio hilo litangazwe kuwa dharura, ombi lake husubiri mzunguko mwingine, na baada ya Bunge kupitisha fedha huja zabuni na mkataba, kiasi kwamba kati ya lalamiko na greda unaweza kupita zaidi ya mwaka mmoja, na mvua nyingine ikanyesha hapo katikati.

Kwa hiyo kikao chenye uzito mkubwa kwa barabara ya kijiji ni mkutano mkuu wa kijiji, unaotakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu na kuhudhuriwa na wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, hasa ule unaofanyika kati ya Oktoba na Desemba, wakati njia ni kavu na wengi wamesahau matope. Muhtasari wa mkutano huo, ukitaja barabara kwa jina, daraja lake kisheria, kalvati lililoziba na siku ambazo magari yalishindwa kupita, hupelekwa Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha Baraza la Madiwani, na nakala yake kwa meneja wa TARURA wa wilaya kabla mhandisi hajafunga makadirio yake.