Nishati Jadidifu, Nishati Mbadala, Nishati Safi: Maelezo juu ya Istilahi Tatu, Pamoja na Mifano ya Kwamkoro

Nilipokuwa Kwamkoro, katika milima ya Usambara ya Mashariki, nikikusanya maneno ya kazi ya chai, nilikaribishwa katika mkutano wa kijiji. Mgeni mmoja kutoka mjini alikuwa akieleza habari za nishati jadidifu, na jinsi mataifa yalivyoafikiana kuiongeza upesi ili joto la dunia lisizidi. Alisema kwa ufasaha. Alipokwisha, mwanamke mtu mzima akainuka, akamwuliza: "Mwanangu, hiyo nishati jadidifu ndiyo gesi ya mtungi tunayohimizwa kununua?" Mgeni akajibu: "Ndiyo, mama. Ndiyo hiyo hiyo nishati safi." Watu wakaridhika. Mimi niliandika jibu lile katika daftari langu, maana lilikuwa kosa, na kosa lenyewe halikuwa la yule mgeni peke yake. Aliyemkosesha ni istilahi zetu.

Nia ya makala haya ni kuyachungua maneno matatu yanayotumika leo kana kwamba ni neno moja, yaani nishati jadidifu, nishati mbadala na nishati safi. Jambo hili si mashindano ya wanalugha tu. Katika mkutano wa Umoja wa Mataifa juu ya mabadiliko ya tabianchi uliofanyika Dubai mwaka 2023, mataifa yalikubali kushirikiana ili uwezo wa nishati jadidifu duniani uwe mara tatu ifikapo mwaka 2030, na kiasi kilichotajwa ni gigawati 11,000 kwa uchache. Kwa hesabu ya Shirika la Kimataifa la Nishati Jadidifu, mwishoni mwa mwaka 2024 uwezo huo ulikuwa gigawati 4,448, baada ya gigawati 585 kuongezwa mwaka huo mmoja. Ongezeko hilo ni la asilimia 15.1. Lilikuwa kubwa kuliko yote yaliyotangulia, na hata hivyo halikufika asilimia 16.6 ambayo ingepasa kupatikana kila mwaka hadi 2030. Kwa hiyo mwendo hauna budi kuharakishwa. Na kwetu Tanzania hauwezi kuharakishwa ila kwa Kiswahili, kwa kuwa ndicho kinachosemwa katika mikutano ya vijiji, katika mabaraza ya madiwani na redioni.

Neno nishati kwanza. Asili yake ni Kiarabu, na huko lina maana ya uchangamfu na bidii ya kazi. Wenzetu wa Kenya hutumia kawi, nalo ni la Kiarabu, lenye maana ya nguvu. Yote mawili ni maneno ya vitabuni. Mtu wa kawaida husema umeme, neno ambalo zamani lilikuwa la mwanga wa radi tu, na ambalo bado lina maana hiyo. Au stima, kama wasemavyo wengi nchini Kenya. Husema pia moto, kuni, mkaa, mafuta, gesi. Lugha ya nyumbani haina haja ya neno moja linalovikusanya vitu hivi vyote, kwa sababu hapana mtu anayewasha "nishati". Haja ya neno la jumla ililetwa na hesabu za serikali na za mataifa.

Tuje sasa kwenye mbadala. Neno hili limetoka katika badala, na kila penye badala yapasa kuulizwa: badala ya nini? Katika nchi za viwanda jibu lilijulikana bila kutajwa, nalo ni badala ya petroli na makaa ya mawe. Kwamkoro jibu ni jingine kabisa. Kinachowaka huko kati ya mafiga ni kuni, na msikilizaji anapoambiwa nishati mbadala hufahamu, kwa haki yake, kwamba ni ile itakayoshika mahali pa kuni. Kwa maana hiyo gesi ya mtungi ni mbadala kweli kweli, na yule mama hakukosea.

Safi nalo lina mizani yake. Mwaka 2024 serikali ya Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wakiitumia ifikapo mwaka 2034. Usafi unaosemwa hapa hupimwa jikoni, kwa macho na kifua cha mpishi. Gesi haina moshi wa kuni, kwa hiyo ni safi, wala simlaumu anayeihimiza. Aliyepata kuketi katika jiko la Usambara wakati wa mvua, mlango umefungwa na kuni ni mbichi, atajua ni kwa nini. Lakini gesi hiyo hutokana na mafuta na gesi ya chini ya ardhi, vitu ambavyo vikichomwa havirudi, na hewa yake ya ukaa huongeza joto ambalo mkutano wa Dubai ulitaka kulizuia.

Basi maneno haya matatu yana mizani tatu mbalimbali. Jadidifu hutazama chanzo, kama hurudi au hakirudi. Safi hutazama mahali kitu kinapotumika. Mbadala hutazama kile kinachoachwa. Umeme wa maporomoko ya maji hupita katika mizani zote tatu. Gesi ya mtungi ni safi na ni mbadala, lakini si jadidifu. Kuni si safi, wala haziwezi kuwa mbadala wa kuni. Je, ni jadidifu? Baada ya mkutano nilimwendea yule mama, nikamwamkia, nikamweleza kwamba gesi haijirudii bali huisha. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Kumbe basi jadidifu ni kuni zangu?"

Swali hili ndilo lililonilazimisha kurudi kwenye sarufi. Kiambishi -fu, au -vu, huunda sifa kutokana na vitenzi: nyamaa, -nyamavu, vumilia, -vumilivu, sahau, -sahaulifu, angalia, -angalifu. Msahaulifu si mtu aliyesahau leo, bali ni yule ambaye kusahau ndiyo tabia yake. Yako pia maneno yanayoonyesha hali iliyokwisha kutimia, kama -pungufu na -kamilifu, lakini hata hapo sifa hukaa ndani ya kitu chenyewe, haitegemei mtu wa nje. Kwa hiyo asikiaye nishati jadidifu huelewa kwamba kujirudia upya ni tabia yake, kama uvumilivu ulivyo tabia ya mvumilivu. Neno la Kiingereza lililofasiriwa halisemi hivyo. Lina kiambishi cha uwezekano, sawa na -ika yetu katika tibika, pitika, lika. Ugonjwa unaotibika si lazima upone. Unamtaka mganga, dawa, na mgonjwa mwenye kushika masharti. Nishati inayojadidika, vivyo hivyo, yaweza kurudi upya ikiwa mtu atafanya lipasalo. Tofauti ya herufi chache hizo ndiyo tofauti ya ahadi na sharti.

Jua ni jadidifu kwa maana kamili ya -fu. Hakuna tufanyalo la kulipunguza. Upepo ni hivyo hivyo, au karibu. Mti si hivyo, na Kwamkoro ni mahali pazuri pa kulithibitisha hilo, kwa kuwa chai hufanywa kwa moto zaidi kuliko kwa umeme. Jani bichi lililochumwa ni maji kwa sehemu kubwa, hata yatakiwa kilo nne au tano za majani mabichi ili kupata kilo moja ya chai kavu. Majani hunyaushwa, hukatwakatwa, huachwa yageuke rangi, kisha hukaushwa kwa hewa ya moto. Na moto huo, kama ilivyo katika viwanda vingi vya chai vya Afrika Mashariki, ni wa kuni. Ndiyo sababu mashamba ya chai hupanda mikaratusi. Mkaratusi ukikatwa vizuri kisiki huchipua, machipukizi hukua, na baada ya miaka kadhaa hukatwa tena.

Mzee mmoja aliyefanya kazi ya kukata kuni alinieleza jambo hili kwa maneno ambayo sikuyapata katika kitabu chochote: "Huu ukikatwa hurudi wenyewe. Ule wa msituni ukikatwa hurudi mwingine." Ukweli wake unaonekana wazi. Katika miaka ya 1970 na 1980 msitu wa Kwamkoro ulikatwa mbao kwa mashine kubwa, hadi kazi hiyo ikasimamishwa. Mapengo yaliyobaki hayakujazwa na miti ile ile. Yalijazwa kwa sehemu kubwa na mti wa kigeni, Maesopsis eminii, ulioletwa Amani siku za Wajerumani, waliofungua huko chuo chao cha utafiti mwaka 1902. Mti huo hukua upesi, ndege hula matunda yake na kuzitawanya mbegu. Macho ya mpita njia huona kijani na kusema msitu umerudi. Mwaka 1997 msitu wa Kwamkoro uliingizwa katika Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, na tangu hapo hifadhi ndilo sharti la kurudi kwake. Hapo neno jadidifu, kama lilivyoundwa, ladanganya. Neno jadidika ladai jambo.

Maji yamesimama katikati. Mito ya upande wa mashariki wa milima hii huteremkia Zigi, ambao ndio chanzo cha maji ya mji wa Tanga. Upande wa magharibi maji huingia mto Lwengera, na Lwengera huingia Pangani karibu na Korogwe, juu ya kituo cha Hale chenye megawati 21, kilichoanza kazi mwaka 1964, na kile cha Maporomoko Mapya ya Pangani chenye megawati 68, cha mwaka 1995. Mvua ndiyo huyarudisha maji kila mwaka, lakini ikiwa mteremko umekwisha kuwa mtupu, mvua ile ile hushuka mara moja pamoja na udongo, na kiangazi mto ukakonda. Kwa maji ningekubali jadidifu, huku nikisita.

Liko tatizo la pili, nalo ni la neno uwezo. Gigawati 11,000 zilizotajwa ni uwezo wa mitambo, si nishati iliyopatikana, na magazeti yetu huyachanganya mawili haya karibu kila siku. Mchumaji wa chai hachanganyi. Anajua kwamba kikapu chake huingia kiasi fulani, na kwamba kilichochumwa husemwa na mizani. Megawati ni ukubwa wa kikapu. Uniti anazonunua mtu kwa LUKU ndizo kilo za mizani. Kituo cha megawati 21 kikienda kwa nguvu zote mchana na usiku hutoa uniti 504,000. Mitambo ya jua yenye uwezo ule ule yaweza kutoa kama sehemu moja katika tano ya hizo, kwa kuwa usiku hulala na mawingu huipunguza, na mawingu ya Kwamkoro yanajulikana. Kwa hiyo gigawati mbili za aina mbalimbali hazilingani, ijapokuwa huandikwa kwa tarakimu moja. Kuhusu kitendo chenyewe, tunalo neno zuri, kufua umeme, lililoazimwa kwa mhunzi afuaye chuma. Sioni kwa nini kuzalisha lilisukume nje.

Gigawati hizo, zaidi ya hayo, ni za umeme tu. Moto wa mafiga haumo. Mwaka 2025 mtambo wa tisa, ambao ni wa mwisho, wa bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji ulikamilika, na uwezo wa bwawa hilo ukatimia megawati 2,115. Hii ni hatua kubwa katika hesabu ya Dubai. Hata hivyo hatua hiyo peke yake haipunguzi mzigo mmoja wa kuni kichwani mwa mwanamke wa Kwamkoro, mpaka umeme huo uwe rahisi kiasi cha kupikia. Mfasiri anayeandika "nishati" mahali palipokusudiwa "umeme" huwapa wanakijiji matumaini ambayo hesabu yenyewe haikuwapa.

Mwisho nitaje kuongeza mara tatu. Mwenye mbuzi kumi akiambiwa aongeze mara tatu, atakuwa na mbuzi wangapi? Niliwauliza wanafunzi wangu, wakagawanyika: wengine thelathini, wengine arobaini, yaani thelathini juu ya kumi za mwanzo. Palipokusudiwa ni thelathini, basi iandikwe "kufikisha mara tatu ya uwezo uliokuwapo". Sharti la pili la Dubai limeharibika zaidi. Lilisema kwamba kasi ya kila mwaka ya kutumia nishati kwa ufanisi iongezwe maradufu. Nimeliona likifasiriwa kwamba ufanisi wenyewe uwe maradufu, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Kwa sasa, katika maandishi yangu, naandika nishati jadidifu kwa jua, upepo, joto la ardhini na, kwa kusita, maji; nishati inayojadidika kwa kuni na mkaa; nishati safi ya kupikia kwa maneno yote matatu pamoja, bila kulikata fungu hilo; na mbadala silitumii pasipo kutaja badala ya nini. Wenye habari za maneno yanayotumika Lamu, Pemba, Bukavu au kwingineko, hasa yale ya wakata kuni na wachoma mkaa, watafanya hisani wakiyaandika na kuyaleta.